Tuwaonyeshe Watoto Njia ya Taita

Sisi watu wa pwani ni wasafiri wa bahari tangu jadi, lakini barani twasafiri kwa kulazimika. Mtu hupanda basi kwa sababu kuna maiti, au kuna arusi, au kuna kesi, au mtoto apelekwa shule. Na basi lenyewe ni la usiku. Abiria hufunga pazia, huinamisha kichwa, na alfajiri hujikuta Nairobi. Ukimwuliza ameona nini njiani, atakujibu kuwa ameona Mtito Andei alipoteremka kunywa chai. Nchi nzima imempita dirishani naye yuko usingizini.

Makala haya yana nia moja tu: kumshawishi mwenye gari, au ndugu wanaoweza kuchanga wakakodi moja, wafunge safari ya siku tatu isiyokuwa na maiti wala kesi ndani yake. Safari ya kutembea na kutazama. Njia ninayoipendekeza ni ya kutoka Mombasa hadi Voi, kisha Mwatate, kisha kuipanda milima ya Taita mpaka Wundanyi.

Msomaji atauliza, kwa nini Taita, si Malindi? Malindi ni kwetu, twaijua. Taita ni jirani ambaye twala chakula chake wala hatujapata kumbishia hodi. Kabichi na nyanya nyingi zinazoshushwa sokoni Kongowea hulimwa katika mabonde ya milima ile. Mtoto wa Majengo au wa Kibokoni aweza kukutajia majumba marefu ya Dubai aliyoyaona katika televisheni, lakini hajui kuwa kiasi cha kilomita 200 tu kutoka kwao kuna mahali ambapo watu huvaa koti mchana.

Tena njia hii ni yetu tangu zamani. Kabla ya reli na kabla ya lami, misafara ya Waswahili ilikuwa ikiipita kwa miguu kwenda Taita, Taveta na Uchagani. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipotoka Rabai kwenda Uchagani, aliyemwongoza njia alikuwa Bwana Kheri, kiongozi wa misafara. Tarehe 11 Mei mwaka huo Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, na vitabu vikamwandika kuwa ndiye Mzungu wa kwanza kuileta habari hiyo. Bwana Kheri hakuandikiwa sifa kama hizo, lakini njia aliijua yeye. Tukiipita leo bila kuwaambia watoto, habari hiyo itabaki kuwa ya Rebmann peke yake.

Sasa tuje kwenye mipango. Chagua wakati kwanza. Masika ya Machi mpaka Mei hufanya njia za mlimani kuwa za utelezi. Juni mpaka Agosti kuna baridi na ukungu, na asiyebeba sweta atajuta. Mwezi wa Desemba watoto wako likizoni na milima imevaa kijani.

Pili, litazame gari siku mbili kabla, si asubuhi ya safari. Mpe fundi alikague breki, matairi, maji ya rejeta na mkanda wa feni. Hakikisha tairi la akiba lina upepo, na jeki na spana zimo. Breki ndiyo nguzo ya safari hii, na sababu yake nitaieleza tukifika mlimani.

Tatu, ondoka baada ya sala ya Alfajiri. Kusema kweli, kipande cha Mombasa hadi Voi si cha starehe, maana ndiyo njia ya malori yote yatokayo bandarini. Lakini mwenye kutoka mapema huipita Mariakani jua halijawa kali, na hana sababu ya kukimbia. Hapa ndipo penye jambo zito. Ni nyumba ngapi za pwani ambazo hazijapata kupokea maiti kutoka njia hii? Wengi wa waliokufa hawakuwa na haraka ya maana. Walitaka tu kulipita lori moja mlimani, ambalo mbele yake kulikuwa na lori jingine. Kwa hiyo baba mwenye gari na aweke sharti mbele ya watu wa nyumba yake: hapana kuendesha usiku, wala hapana kulipita gari mahali usipoona mbele. Na mama aliyekaa kando yake asione haya kumkumbusha.

Ukishaipita Taru utafika Makinon Rodi. Jina hilo ni la Sir William Mackinnon, mkuu wa kampuni ya Kiingereza iliyoanza kukata njia ya magari ya ng'ombe kuelekea bara mwaka 1890. Lakini wasafiri wapajua mahali hapo kwa jambo jingine. Kando ya reli pana msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, aliyekuja kutoka Bara Hindi kufanya kazi ya kujenga reli. Yasimuliwa kuwa alipokuwa akichukua karai la zege, karai lilikuwa likielea juu ya kichwa chake pasipo kukigusa. Mwenye kusadiki na asadiki. Lililo wazi ni kwamba madereva wa dini mbalimbali husimama hapo, wakapumua kidogo, kisha wakaendelea kwa adabu zaidi. Simameni nanyi. Kunjueni mkeka, mle mahamri na mbaazi mliyotoka nayo nyumbani.

Na kwa kuwa tumetaja msikiti, msafiri akumbuke ruhusa aliyopewa. Safari hii imezidi ile kiasi ya kilomita 80 wanayoitaja wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi, basi ukishatoka mjini una ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne kuwa mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Mwenye shaka na amwulize shekhe wake kabla ya kuondoka. Ruhusa hii ndiyo inayomwondolea dereva kisingizio cha kukimbiza gari.

Kutoka hapo tazameni mkono wa kushoto. Mlima uliosimama peke yake kusini ya Maungu ni Kasigau. Mbele, karibu na Voi, ni Sagalla. Ule mkubwa wa tatu, ambao wenyewe huuita Dawida, ndio mnaouendea. Hapa mmeingia nchi ya Tsavo, na ndovu huweza kuvuka barabara. Ukimwona, simama mbali, usipige honi, wala mtoto asiteremke kupiga picha.

Voi mwaiacha njia ya Nairobi na malori yake, mwashika njia ya Taveta. Hapo ndipo raha ianzapo. Kilomita 25 hivi mpaka Mwatate, mkonge umejipanga kwa safu, na barabara ina nafasi. Mwatate mwakunja kulia na kuanza kupanda. Barabara hujizungusha mlimani kama kilemba kichwani. Kila kona yafungua bonde jipya, migomba chini, mawe makubwa juu, na mashamba yaliyokatwa ngazi ngazi. Kila mpandapo mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, na Wundanyi iko juu ya mita 1,300. Fungueni madirisha, mzime redio.

Dereva na apige honi kabla ya kona iliyofichwa, na ampishe anayepanda. Wakati wa kushuka asikanyage breki mfululizo, maana breki hupata moto zikakataa kushika. Ashuke kwa gia ile ile ambayo angeipandia, injini ndiyo ilizuie gari.

Laleni Wundanyi usiku wa kwanza na wa pili. Siku ya kati iwe ya miguu. Kilele cha Vuria kina mita 2,208, na siku isiyo na mawingu mwaweza kuiona Kilimanjaro, kama alivyoiona Bwana Kheri. Iko pia misitu midogo iliyosalia, kama Ngangao, yenye ndege wasiopatikana popote pengine duniani. Misitu hiyo huukamata ukungu ukawa maji ya vijito. Waonyesheni watoto palipokatwa miti na pasipokatwa, wajionee tofauti.

Yako na mapango ambamo Wataita wa zamani waliweka mafuvu ya wazee wao. Msiende bila idhini ya wenyeji, wala msiende kucheka. Sisi tunaozuru makaburi ya mashekhe wetu twajua heshima ya wafu.

Neno la mwisho kuhusu nani aende. Mchukueni bibi. Msiseme magoti hayamruhusu, kwani gari ndilo litakalopanda. Watoto wataikumbuka milima, lakini zaidi watayakumbuka maneno aliyowaambia alipoiona. Na mama wa nyumba asigeuzwe mpishi wa safari. Siku hizi tatu apikiwe na wengine, ama sivyo likizo itakuwa ya wote isipokuwa yeye.

Mwenye kwenda namwachia ubeti huu mmoja, aubandike mbele ya usukani:

Safari si kukimbia, dereva punguza mwendo,
Milima imetulia, haipandwi kwa kishindo,
Watoto waangalia, wajifunza kwa kitendo,
Haraka haina pendo, taratibu hutimia.