Ganzi Inayoitwa Nguvu

Wanaume wa Isebania, mpakani mwa Kenya na Tanzania, hawaji kliniki kwa sababu ya nguvu za kiume. Wanakuja kwa sababu ya mgongo. "Ni mgongo tu, daktari," mtu husema, kofia mkononi, macho kwenye ratiba ya chanjo ukutani. Ukimpima mgongo, hauna neno. Ukimuuliza presha, sukari, usingizi, anajibu yote vizuri. Kisha akishainuka, mkono umeshafika kwenye kitasa, anageuka: "Na ile ingine je?" Hapo namwambia akae tena.

Swali langu la kwanza kuhusu "ile ingine" halimhusu mke wala mpango wa kando. Namuuliza: alfajiri je? Unapoamka, kabla hujaenda msalani, inasimama? Wengi hucheka wakidhani natania. Mwanamume mwenye afya husimamisha mara 3 hadi 5 kila usiku akiwa amelala fofofo, bila kumtamani mtu yeyote, hasa usingizi unapoingia kwenye ndoto. Kama alfajiri mambo ni sawa lakini usiku na mkewe yanagoma, basi aghalabu mishipa ni mizima na kazi iliyobaki ni ya kichwa au ya nyumba. Kama alfajiri nayo ni kimya, kuna kitu mwilini cha kutafutwa. Swali la pili ndilo linalowakera: unakunywa nini, na kiasi gani?

Mpakani hapa cha kunywa hakikosekani. Kinachopikwa kwa siri upande wa Kenya kinaitwa chang'aa. Ukivuka hatua chache kwenda Sirari kinaitwa gongo, na mnywaji haoni tofauti. Viroba, yaani pombe kali ya mifuko ya plastiki, Tanzania ilivipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017. Kenya ilishakataza pombe ya mifuko kwa sheria ya mwaka 2010, ile ile iliyohalalisha chang'aa kwa masharti ya chupa na lebo, masharti ambayo wapishi wa kando ya mito hawajawahi kuyajali. Kipimo cha mwanamume wa kawaida sasa ni kota, ile chupa ndogo ya mililita 250.

Tufanye hesabu. Kota yenye makali ya asilimia 40 ina mililita 100 za alkoholi tupu, karibu gramu 79. Ini la mtu mzima husafisha kati ya gramu 7 na 10 kwa saa, na haliharakishwi na kahawa, supu ya kichwa wala maji baridi. Aliyemaliza kota saa mbili usiku, ini lake linafanya kazi hadi saa kumi alfajiri likiwa hodari, au saa moja asubuhi likiwa la kawaida. Bia ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina takriban gramu 17, kwa hiyo kota moja ni sawa na bia nne na zaidi. Mtu anayekuambia "nakunywa kidogo, kota tu" hasemi uongo. Hajawahi kupigiwa hesabu, basi.

Kinachotokea kitandani kinahitaji maelezo ya fundi bomba. Uume hauna mfupa, wala hauna msuli wa kuuinua. Ndani yake mna sifongo mbili zilizolala sambamba. Ubongo unapotamani, ujumbe hushuka kwenye uti wa mgongo hadi chini karibu na kiuno (kwa hiyo anayelalamikia mgongo hajapotea kabisa), neva zikatoa hewa iitwayo nitriki oksaidi, kuta za mishipa zikalegea, damu ikamiminika. Sifongo ikijaa, inabana vena za kutolea damu zisivujishe. Mfereji umefunguliwa, shimo la kutolea maji limezibwa. Kila hatua hapo inategemea neva kupeleka ujumbe kwa wakati.

Pombe hupunguza mwendo wa neva. Haina uchangamfu wowote wa kwake. Inaanza kuzima sehemu ya ubongo inayotuzuia na kutuonea haya, na mtu husema amepata stimu. Anadhani ameongezewa kitu, kumbe ameondolewa mlinzi. Chupa ya pili na ya tatu zinashuka ngazi za chini: ujumbe unachelewa, hisia za ngozi zinafifia. Wakati huo huo figo zinaambiwa ziachie maji, ndiyo maana foleni ya choo cha baa haiishi, na mwili unabaki mkavu. Tamaa iko juu, neva ziko chini.

Hapa ndipo ninapogombana na madereva wa malori. "Lakini daktari, nikinywa ndio nadumu." Kweli, anadumu. Pombe huchelewesha kumwaga, na kwa mwanamume aliyekuwa akimaliza haraka hiyo inaonekana kama tiba. Ila ukidungwa sindano ya ganzi ukang'olewa jino bila kulia, hakuna anayekuita shujaa. Kinachomchelewesha ni ganzi, na ganzi haichagui. Leo inagusa neva za kumaliza, baada ya miaka kadhaa inagusa zile za kuanza. Mnywaji wa kila siku hukosa pia vitamini B1, kwa kuwa anakula kidogo na utumbo wake hauifyonzi vizuri. Nyayo zinaanza kuwaka moto usiku, vidole vinakufa ganzi. Neva za uume hazina kinga ambayo za miguu hazina.

Halafu kuna korodani. Testosteroni hutengenezwa na chembe zilizomo humo kwa amri ya tezi iliyo chini ya ubongo. Pombe huzitia sumu chembe hizo moja kwa moja, pamoja na mabaki yake, asetaldehaidi, na tezi yenyewe nayo husinzia. Ini likishachoka, homoni za kike ambazo kila mwanamume anazo kidogo hazisafishwi ipasavyo. Utaona korodani zimenywea, nywele za kifua zimepungua, viganja vimekuwa vyekundu, matiti yameota. Mzee mmoja aliniletea titi moja lililovimba akiwa na hakika ni saratani. Lilikuwa ini.

Mbegu pia huumia: hupungua, nyingine zikawa na umbo baya au mwendo mbovu. Na bado, mtoto asipopatikana, ni mke anayezungushwa kwa waganga, wakati katika karibu nusu ya ndoa zinazohangaika kupata mimba, mume ana mchango wake. Mbegu moja huchukua takriban siku 74 kutengenezwa. Aliyeacha kunywa Januari asipimwe Februari akasema kuacha hakusaidii.

Niwe mkweli kwa wanaokunywa bia moja Jumamosi. Kuna tafiti ambamo wanywaji wa kiasi hawakuonekana kuwa na shida zaidi kuliko wasiokunywa kabisa, nyingine hata zikaonyesha nafuu. Sizitumii kumshawishi mtu aanze, maana mara nyingi mnywaji wa kiasi ndiye pia mwenye kazi, chakula na usingizi. Wanaonijia, hata hivyo, si hao.

Wanaonijia wanaambatanisha kota na sigara, na hii ni nchi ya tumbaku. Kuria yetu imeilima miaka mingi, na pesa za majani zikilipwa, baa hujaa. Sigara huharibu ngozi laini ya ndani ya mishipa ya damu, pombe nyingi hupandisha presha, na mshipa wa uume ni mwembamba: milimita 1 hadi 2, ilhali ile ya moyo ni 3 hadi 4. Uchafu ule ule huziba mwembamba kwanza. Kwa hiyo mwanamume wa miaka 45 ambaye alfajiri yake imenyamaza, mimi sikimbilii kumpa kidonge. Namfungia mashine ya presha, napima sukari na mafuta ya damu. Moyo ndio huwa umetuma ujumbe, tena pengine miaka kadhaa mapema.

Yeye dawa ameshaipata, bila shaka. Stendi utauziwa mukombero, mzizi unaotafunwa Magharibi yote ya Kenya. Ushahidi wake mwingi unatoka kwa panya, na panya hao hawakuwa wamelewa. Mukombero wenyewe sina ugomvi nao. Ninachoogopa ni "dawa ya mitishamba" isiyo na lebo, kwa kuwa nyingi za aina hiyo zilizopimwa duniani zimekutwa zimesagiwa ndani sildenafili, ile ile iliyomo kwenye vidonge vya kusimamisha. Mwenye kutumia dawa za naitreti za maumivu ya kifua akinywa hiyo, presha inaweza kuporomoka hadi afe; pombe juu yake huishusha zaidi. Na bila ujumbe wa neva, kidonge chenyewe hakina cha kukuza.

Yale yanayofuata baa siwezi kuyaruka. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018, maambukizi ya virusi vya ukimwi kwa watu wazima yalikuwa asilimia 19.6 Homa Bay na 13 hapa kwetu Migori. Mlevi husahau kondomu, na anayetumia ARV husahau saa ya dawa. Kuhusu pombe iliyochanganywa methanoli, Mei 2014 iliua watu zaidi ya 80 Embu, Kiambu na kwingineko. Walionusurika, baadhi walipofuka.

Habari njema ni kwamba mengi hurudi. Kwa wengi wasio na ini lililoharibika, wiki kadhaa hadi miezi mitatu bila pombe huleta tofauti wanayoiona wenyewe, na alfajiri ndiyo hutangulia. Lakini usiache ghafla kama asubuhi mikono inakutetemeka hadi uzimue. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, kisha kuweweseka kunakoweza kuua. Huyo anaachishwa hospitalini, kwa dawa na vitamini B1. Namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, na hawaulizi unatoka ukoo gani.

Anayeweza kuachia nyumbani namwomba jambo moja: namba ya simu ya mtu atakayemwangalia siku tatu za mwanzo. Ya mke hukataa kuitoa. Tunakaa hapo kitambo, nikisubiri na kalamu, naye anatazama ratiba ya chanjo. Mwishowe hunipa ya kaka yake, na kuniomba, kaka akiuliza, nimwambie ni mgongo.