Lugha ya Kanuni za Karakana ya Pamoja: Mafunzo Kutoka Kaya za Kwale

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza lugha inayotumiwa kuandikia kanuni za kuingia na za usalama mahali pa utafiti panapotumiwa na watu wengi. Aghalabu sisi wanaisimu tumewaachia kazi hii mafundi na maofisa wa utawala, tukidhani kwamba kibao cha mlangoni si matini ya kuchambuliwa. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba ni matini chache ambazo kosa lake la sarufi laweza kumgharimu msomaji kidole. Kibao cha karakana ni mojawapo.

Tumelichagua eneo la Matuga, kusini ya kivuko cha Likoni, pamoja na jirani zake wa Diani na Msambweni, kwa sababu mtafiti anayefika huko hukutana na aina mbili za kanuni. Ya kwanza ni ile iliyobandikwa ukutani katika karakana na maabara, nayo mara nyingi hutafsiriwa kutoka Kiingereza. Ya pili ni ile ya misitu ya kaya, kama vile Kaya Waa na Kaya Kinondo, ambayo husemwa na wazee. Zote mbili zinalinda mahali pa pamoja, na zote mbili humwambia mgeni aingieje na asifanye nini. Hata hivyo hazisemi kwa namna moja.

Hoja yetu ni kwamba kanuni ifaayo sharti imtaje anayeambiwa, tendo lenyewe, wakati wake, na mtu wa kuombwa ruhusa. Kiswahili kina vyombo vyote vya kuyataja mambo haya manne. Vinapotea pale kanuni inapotungwa kwanza kwa lugha nyingine kisha ikatafsiriwa.

2. Maneno yenyewe

Neno karakana limetujia kutoka Kiajemi, ambako maana yake ni nyumba ya kazi. Neno kanuni limepitia Kiarabu kutoka Kiyunani, na huko asili yake ni ufito ulionyooka wa kupimia. Hivyo kanuni za karakana, kwa asili ya maneno, ni kipimo cha nyumba ya kazi, na picha hii inafaa: fundi hapimi ubao kwa ufito asiouona vizuri.

Kando ya kanuni tunayo maneno sharti na mwiko. Sharti katika Kiarabu ni jambo ambalo jingine hulitegemea. Katika Kiswahili limekuwa pia neno la kulazimisha. Mwiko ni katazo ambalo halihitaji askari, kwa kuwa anayelivunja huamini kwamba madhara yatamfuata mwenyewe. Kwa maana hii, kutia mkono penye msumeno unaozunguka kunafaa kuitwa mwiko kuliko kuitwa kosa la nidhamu, kwani msumeno haungoji kikao cha kamati.

3. Kanuni za kuingia: hodi na kaya

Kibao cha kawaida mlangoni husema: Wasiohusika hawaruhusiwi kuingia. Tuulize: mhusika ni nani? Mwanafasihi atajibu kwamba ni mtu katika hadithi. Mwanafunzi wa shahada ya pili aliyetumwa na mwalimu wake kupima sampuli hajui kama anahusika au la. Vilevile kipo kibao kinachosema Hakuna njia, na msomaji anaiona njia mbele ya macho yake. Katika mifano hii miwili hatuambiwi nani anayekataza, wala nani aombwe.

Utamaduni wa pwani una kanuni ya kuingia iliyo kamili zaidi, nayo ni hodi. Mgeni husimama nje, huita, na hungoja. Asipoitikiwa mara ya tatu hurudi, hata kama mlango u wazi. Tukiichambua kama tendo la usemi, hodi ina pande mbili: swali la mgeni na jibu la mwenyeji. Ruhusa haipatikani kwa kusoma, bali kwa kujibiwa na mtu.

Kaya zinafuata mantiki hiyohiyo. Katika Kidigo kaya ni makao au mji. Katika Kiswahili sanifu neno hilo limebaki na maana ya watu wa nyumba moja. Anayeingia mahali panapoitwa nyumbani kwa watu hana budi kumtafuta mwenye nyumba. Huko Kinondo mgeni haingii peke yake, bali huongozwa na mwenyeji. Huvua kofia na kufungwa kaniki nyeusi kiunoni. Haiachi njia, habusu mtu, wala hatoki na kitu, liwe jani au kijiti. Kila katazo lina msemaji anayejulikana, nao ni wazee wa kaya.

Isidhaniwe kwamba kanuni ya mdomo pekee yatosha. Katika miaka ya 1970 na 1980, ardhi ya pwani ya kusini ilipopanda thamani kwa ujenzi wa mahoteli ya watalii, na sauti ya wazee ilipopungua nguvu, sehemu za misitu hii zilikatwa. Mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa mahali pa kumbukumbu za taifa, Kinondo ikiwemo, na kitengo cha hifadhi ya misitu ya pwani kikaundwa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 2008 kundi la misitu ya kaya za Wamijikenda, Kinondo ikiwa mojawapo, liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini sheria hizi hazikuwaondoa wazee mlangoni. Mtafiti wa leo huhitaji kibali cha serikali, na Sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi inadai pia ridhaa ya jamii yenye maarifa hayo. Kibali ni karatasi, na karatasi haiwezi kuitikia hodi. Karakana nayo yataka yote mawili: kanuni iliyoandikwa, na mtu anayeijua na kuisema.

4. Kanuni za usalama: sarufi na hatari

Tukiingia ndani, twakuta kwamba hatari nyingine imo katika viambishi. Tutazame mfano ufuatao:

(1) Usiguse mtambo ukiwa umelowa.

Ni nani aliyelowa? Kiambishi u- ni cha nafsi ya pili umoja, na pia ni cha ngeli ya mtambo. Msomaji mmoja ataelewa kwamba asiguse kama mikono yake ina maji. Mwingine ataelewa kwamba asiguse kama mtambo una maji, naye ataugusa mtambo mkavu kwa mikono iliyolowa bila kuona kwamba amevunja kanuni. Utata huu hutokea kwa kila nomino yenye upatanisho wa u-: msumeno, mtambo, moto, umeme. Tiba yake ni nyepesi:

(2) Msiguse mtambo ukiwa umelowa, wala mkiwa mmelowa ninyi.

Wingi wa nafsi ya pili unaondoa utata, na unafaa pia kwa sababu nyingine: karakana ni ya pamoja, nayo kanuni inawasemesha wote.

Jambo la pili ni kauli za kitenzi. Tulinganishe:

(3) Mashine imezimwa.
(4) Mashine imezimika.
(5) Mashine imesimama.

Katika (3) yupo mtu aliyeizima. Katika (4) hakuna aliyeizima. Huenda umeme umekatika, jambo lisilo geni kwa wakazi wa pwani. Swichi ingali wazi, na umeme ukirudi mashine itaanza kuzunguka, huenda mkono wa mtu umo ndani. Katika (5) habari ni ya mwendo: msumeno wa umeme huendelea kuzunguka kwa muda baada ya kuzimwa, kwa hiyo (3) inaweza kuwa kweli kabla (5) haijawa kweli. Anayeandika Usifungue kifuniko kama mashine haifanyi kazi vizuri, au Hakikisha mashine imezimika, amezitupa tofauti tatu ambazo kitenzi cha Kiswahili kimemwekea tayari.

Tatu ni suala la kutaja kazi yenyewe. Agizo la jumla kama Vaa glavu wakati wote linaonekana kuwa la tahadhari, lakini kwa anayetumia keekee ni la hatari, maana glavu ikinaswa na ncha inayozunguka huvuta mkono mzima. Kadhalika agizo kwamba Mavazi yasiyofaa hayaruhusiwi halimwambii mtu afanye nini. Mwanafunzi mwenye buibui au kanzu atajiona amefukuzwa, na hali kinachotakiwa ni kukunja na kufunga nguo isining'inie karibu na mtambo. Kaya haimwambii mgeni kwamba mavazi yake hayafai; humpa kaniki na kumwonyesha inavyofungwa.

5. Lugha ya nani?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo kibao cha Kiingereza pekee hakina udhuru. Hata hivyo katika vijiji vya Waa, Ng'ombeni na Tiwi wapo wasaidizi wa utafiti ambao lugha yao ya kwanza ni Kidigo. Kazi ya kuwaandikia haianzi patupu, kwani kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili iitwayo Mgombato imekuwapo tangu mwaka 2004. Idara za lugha za Kiafrika zinaweza kushirikiana na mafundi kuandaa kanuni kwa lugha hizi, kisha kuzijaribu kwa njia rahisi: msomaji asome kanuni, aeleze kwa maneno yake, na mwandishi asikilize bila kumsahihisha. Maelezo mawili yakitofautiana, kosa ni la kanuni, si la msomaji.

6. Mfano na hitimisho

Kwa kuzingatia yaliyotangulia, twapendekeza kielelezo hiki kifupi:

(a) Pigeni hodi. Msipoitikiwa mara ya tatu, rudini, hata mlango ukiwa wazi.
(b) Ufunguo unashikwa na fundi wa zamu, ambaye jina lake limeandikwa hapa chini. Yeye ndiye wa kuombwa ruhusa.
(c) Mtu asitumie mtambo ambao hajafundishwa kuutumia, wala asiutumie akiwa peke yake.
(d) Kabla ya kufungua kifuniko, zimeni mashine, ngojeni isimame, kisha chomoeni waya.
(e) Umeme ukikatika, zimeni kila swichi. Umeme hurudi bila kupiga hodi.
(f) Anayetumia keekee avae miwani, afunge nywele na nguo, wala asivae glavu.
(g) Kitu kisitoke humu kabla hakijaandikwa daftarini.

Msomaji ataona kwamba kielelezo hiki hakina hairuhusiwi hata mara moja. Katika kila kifungu yupo mtu, lipo tendo, na penye haja upo wakati. Sababu imetolewa mahali pamoja tu, pale ambapo hatari haionekani kwa macho.

Ni matumaini yetu kwamba wenzetu wataipima hoja hii kwa vibao vilivyomo katika vyuo vyao. Istilahi za karakana zimeshughulikiwa kwa miaka mingi, na ni haki yake. Lakini msamiati sahihi ndani ya sentensi yenye utata haumlindi mtu, na wa kwanza kuumia ni mwanagenzi aliyejitahidi kutii alichokisoma.