Pupa, Imani na Msokoto wa Bangi

Kijana anayeacha bangi baada ya kuivuta kila siku kwa miaka kadhaa hukutana na mtihani wake usiku. Hukosa usingizi, hukasirika kwa jambo dogo, chakula hakimpiti, na akisinzia huota ndoto kali. Dalili hizo huanza siku ya kwanza au ya pili, huwa kali zaidi katika juma la kwanza, kisha hupungua, ijapokuwa usingizi huweza kuchelewa kurejea. Yeye hajaelezwa haya. Huona mwili umethibitisha alichokiamini siku zote, kwamba bila bangi halali. Hurudi kijiweni, na nyumbani husemwa kuwa hana nia.

Nia huenda anayo. Kinachomwangusha ni imani yake pamoja na namna anavyoamua mambo.

Mwaka 2001 wanasaikolojia Stephen Whiteside na Donald Lynam waliichambua pupa katika sura nne: kutenda haraka mtu anapozidiwa na hisia chungu, kutotafakari kabla ya kutenda, kushindwa kudumu katika jambo linalochosha, na kutafuta msisimko. Tofauti hizi si za vitabuni tu. Mpenda msisimko huweza kuonja kwa udadisi, lakini atendaye haraka akiwa na uchungu ndiye aliye katika hatari kubwa ya kuendelea kuvuta hata anapoona madhara. Kumwambia huyu wa pili “fikiri kwanza” hakumsaidii, kwa kuwa wakati huo ndipo fikra zinapomtoka.

Upande wa imani, wapo wasemao bangi ni majani tu, au humpa mkulima nguvu. Wazee nasi tuna sehemu yetu ya lawama. Tumezoea kusema kila avutaye huwa kichaa. Kijana hutazama rafiki zake kumi, huwaona wazima, na hulitupa onyo lote. Hulitupa pamoja na sehemu yake ya kweli: hatari ya kupata ugonjwa wa akili huongezeka kwa anayeanza mapema, anayevuta mara kwa mara, na anayetumia bangi kali.

Dawa iliyothibitishwa mahsusi kutibu uraibu wa bangi bado haipo. Methadoni, inayotolewa Muhimbili tangu mwaka 2011, ni kwa waraibu wa heroini na haimfai mvuta bangi. Tiba kuu ni mazungumzo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, wenye washiriki 450 watu wazima, ulionyesha kuwa vikao tisa vya unasihi vilipunguza uvutaji kuliko vikao viwili, na hivyo viwili vilishinda kusubiri tu.

Lakini vikao tisa ni vingi kwa mtu asiyedumu na jambo. Ndiyo maana mnasihi mwenye busara humpangia miadi ya karibu, kazi ndogo za siku moja moja, na jibu lililoandaliwa kabla ya saa ya hatari: nikikasirishwa, nitatoka nimpigie kaka. Humweleza pia, kabla hajaacha, kwamba usiku wa tatu utakuwa mgumu, na kwamba msokoto mmoja ukimponyoka, miadi ya kesho iko palepale.