Jigso, Mninga na Pesa ya Kitanda

Mume wangu alienda kununua kitanda, akarudi na mashine. Nusura tugombane mpaka kwa wazee. Badala yake tukaipima kwenye mbao nene, na majibu yake yalituhusu hata sisi wenyewe.

Jamani, ndoa ina mambo! Miaka saba tumelalia kitanda cha chuma tulichoanzia maisha, kile ambacho ukijigeuza tu, mpangaji wa chumba cha pili anajua. Kila mwezi nilikuwa natenga hela kidogo ya ushonaji, baba watoto naye anaongeza ya kwake, mpaka tukafikisha laki saba. Mpango ulikuwa mmoja: Jumamosi twende Keko, tuchague kitanda cha mninga cha tano kwa sita, tumalize.

Ijumaa jioni akaingia na boksi kwapani, uso umechangamka kama aliyeshinda bahati nasibu. “Mama, nina sapraizi.” Kufungua, nikakuta jigso, ule msumeno mdogo wa umeme unaoshikwa kwa mkono, wembe wake mwembamba ukipanda na kushuka haraka haraka. Laki moja na nusu, tena imetoka kwenye pesa ya kitanda. Eti kitanda tutatengeneza wenyewe, na chenji itakayobaki tutanunulia godoro.

Nisiwe mwongo, sikuumizwa na mashine. Niliumia kwa sababu hakuniuliza. Nusu ya pesa ile ilikuwa ni mimi kupiga pindo za sketi za shule usiku wa manane. Tukalala tumepeana migongo, na kitanda cha chuma kikalia usiku kucha kama kinatusengenya.

Asubuhi nikampa masharti. Kuirudisha Kariakoo haiwezekani, si mnajua lile tangazo la “bidhaa ikishauzwa haipokelewi tena”. Kwa hiyo nikamwambia: “Ijaribiwe. Ikikata inchi mbili za mninga, mstari ukatoka sawa juu na chini, nitafunga mdomo. Isipokata, inauzwa kwa fundi hata kwa hasara, na sisi tunaenda Keko.” Nilichagua inchi mbili kwa sababu ubao wa kichwani tuliokuwa tunautaka ulikuwa wa unene huo, tena wenye mkunjo kama upinde.

Akakubali haraka mno. Alikuwa na uhakika wake.

Boksi linasema milimita 65

Uhakika wenyewe aliutoa kwenye boksi. Pembeni imeandikwa kwamba mashine inakata mbao hadi milimita 65. Inchi mbili ni kama milimita 50. “Hesabu ya darasa la tatu, mama,” akatamba.

Tukaomba vipande kwa seremala wa mtaani: kimoja cha paini, inchi moja, na kingine cha mninga, inchi mbili. Kila kipande tukakichora mistari ya sentimita 30 kwa penseli. Mbao tukaibana mezani kwa klampu mbili, watoto wakapelekwa kwa bibi yao, na Luku ilikuwa na uniti za kutosha. Haya, twende kazi.

Paini haikuleta shida. Ni mbao laini, nyingi tunazotumia hapa Tanzania hutoka kwenye mashamba ya miti kama Sao Hill kule Mufindi. Wembe ulipita kama kisu kwenye mkate, nusu dakika haikufika. Mume wangu akanitazama kwa jicho lile la “nilikwambia”.

Akaja kwenye mninga. Mninga mkavu una uzito wa takribani kilo 640 kwa mita moja ya ujazo, na nyuzi zake mara nyingi zinapishana, hazilali upande mmoja. Mashine ikaingia kama sentimita tano, mlio ukabadilika. Ikaanza kuruka ruka. Halafu moshi. Baada ya dakika mbili tulikuwa hatujafika hata katikati, pale wembe ulipopita pamekuwa peusi, na wembe wenyewe umegeuka rangi kama chuma kilichotoka motoni.

Mimi kimya. Ila moyoni, Mungu anisamehe, nilishaanza kuchagua kitanda.

Shikamoo, mzee

Jumapili tukaenda Keko. Mimi nilienda kuangalia bei, yeye alienda kutafuta ushauri bila kutaka ijulikane kwamba anatafuta ushauri. Kwenye karakana moja tukamkuta mzee anapiga randa taratibu. “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, wanangu, karibuni.” Baba watoto akatoa ule wembe ulioungua mfukoni. Mzee akacheka mpaka akaweka randa chini.

“Huu ni wembe wa mbao nyembamba,” akasema. “Angalia meno, madogo kama ya panya. Mbao nene ina unga mwingi. Huo unga unapita wapi?”

Kumbe kila jino likikata, unga wa mbao unakaa kwenye nafasi iliyo kati yake na jino linalofuata, na hapo ndipo unapobebwa kutoka nje. Meno yakiwa yamebanana, nafasi inajaa kabla wembe haujatoka kwenye mbao. Baada ya hapo wembe haukati tena, unasugua tu, na kusugua ndiko kunakoleta moshi. Kwa mbao nene unatakiwa wembe wenye meno makubwa, kutoka jino hadi jino kama milimita nne.

La pili ni urefu. Wembe wa jigso yetu unapanda na kushuka kama milimita 20. Ukiwa umepanda mpaka mwisho, ncha yake lazima iwe bado imechungulia upande wa chini wa mbao. Kwa mbao ya milimita 50, basi, sehemu inayotokeza chini ya mashine wakati wembe umeshuka inatakiwa izidi milimita 70. Ukiwa mfupi, ncha inarudi ndani ya mbao, ikishuka inagonga, mashine inaruka. Ndiyo zile ruka ruka tulizoziona.

Mume wangu akauliza kuhusu ile 65 ya kwenye boksi. Mzee akasema neno ambalo nimelishika mpaka leo: “Boksi linakwambia wembe unafika wapi. Halikwambii utatokea wapi.”

Sikulielewa mpaka tuliporudi nyumbani.

Juu panapendeza, chini je?

Tulipita dukani tukanunua nyembe mbili za meno makubwa. Baba watoto akafunga mmoja, akabana mninga, akashika mashine kwa mikono miwili na kuisukuma kama anasukuma gari lililozima. Dakika moja tu, kipande chini! Nilipotazama juu, mstari ulikuwa umenyooka, juu ya penseli kabisa. Hata mimi nilitaka kupiga makofi.

Kisha tukageuza ile mbao.

Upande wa chini mkato ulikuwa umeenda zake. Mwanzoni ulikuwa sawa, lakini kufika mwisho ulikuwa umehama milimita saba. Ndipo neno la mzee likaniingia. Wembe wa jigso umeshikwa upande mmoja tu, juu, ndani ya mashine. Chini hauna mshikaji. Ukiusukuma kwa nguvu unapinda, nyuzi za mbao nazo zinauvuta zinakotaka. Mbao nyembamba haionyeshi kosa hilo. Kadiri mbao inavyokuwa nene ndivyo ncha inavyopotea, huku wewe uliye juu unaona mambo ni shwari.

Mume wangu akakaa kwenye ndoo, akageuza kile kipande mara mbili tatu. Nilikuwa na haki ya kusema “nimeshinda”. Lakini akili yangu ilishaondoka, ilikuwa kwenye cherehani.

Kila msichana ninayemfundisha kushona anaanza na kosa moja: anavuta kitambaa. Anadhani anaisaidia mashine. Sindano inapinda, inagonga bamba, inakatika. Huwa namwambia, mwanangu, kazi ya mkono ni kuongoza, acha mashine ivute yenyewe. Jigso inafanana sana na cherehani, chombo chembamba kinachopanda na kushuka. Baadaye nilikuja kusoma kwamba si kufanana tu. Mwaka 1946 huko Uswisi, mhandisi Albert Kaufmann wa kampuni ya Scintilla alitoa sindano kwenye cherehani ya mkewe, akaweka wembe wa msumeno. Mwaka uliofuata jigso za kwanza za umeme zikaingia sokoni kwa jina la Lesto. Kumbe mashine iliyotaka kunivunjia nyumba ni mtoto wa cherehani!

“Hebu nipishe,” nikamwambia. Akanitazama, akanipisha.

Nikabadilisha wembe, waya ukiwa umechomolewa. Kwenye mashine kuna kiswichi cha namba 0 hadi 3 kinachofanya wembe usogee mbele kidogo unapopanda. Namba kubwa inakata haraka na kwa fujo. Yeye alikuwa ameweka 3, mimi nikaweka 1. Nikalaza bamba la chini la mashine lishike mbao lote, nikaiwasha, nikasubiri ikolee ndipo nikagusa mbao. Sikusukuma. Nilisogea kadiri wembe ulivyokula. Mlio ukianza kuwa mzito, napunguza mkono. Katikati nilizima kidogo wembe upoe.

Karibu dakika tatu. Tukageuza. Tofauti ya chini ilikuwa milimita moja, tena kwa kutafuta.

Tuliyoambizana kwenye unga wa mbao

Hapo ndipo tulipozungumza, wote wawili tumepakaa unga wa mninga mpaka kwenye kope. Akasema, “Nilijua ungekataa. Ndiyo maana sikuuliza.” Nikamjibu, “Ni kweli ningekataa. Tungebishana, halafu labda ningekubali. Wewe hukunipa hata nafasi ya kukataa.” Akanyamaza muda mrefu. Akasema, “Nisamehe, mke wangu. Pesa haikuwa yangu peke yangu.”

Sikutaka zaidi ya hapo. Tukawekeana sheria: chochote kinachozidi elfu hamsini kutoka kwenye pesa ya pamoja, tunaongea kwanza. Na inanihusu hata mimi, maana kuna vitenge viwili ambavyo naye hakuwahi kuvisikia.

Kitanda kilichukua wikiendi nne. Mikato yote iliyonyooka tuliifanyia palepale tuliponunua mbao, kwenye msumeno mkubwa wa mezani, kwa sababu jigso si mashine ya mistari mirefu kwenye mbao nene. Miguu ya inchi nne hatukuigusa nayo kabisa, inazidi uwezo wake. Jigso ilifanya kazi moja tu, ule mkunjo wa kichwani, na niliukata mimi. Yeye alifanya viungo, chaga na vanishi, na mikono yake kwa vanishi ni mizuri kuliko yangu.

Hesabu je? Mashine laki moja na nusu, mbao laki tatu na elfu arobaini, nyembe, gundi, skrubu, msasa na vanishi elfu tisini na tano. Jumla ni laki tano na elfu themanini na tano. Chenji haikutosha godoro, kwa hiyo miezi miwili tulilalia godoro la nne kwa sita juu ya kitanda cha tano kwa sita, ukijisahau unadumbukia pembeni. Lakini hakilii!

Kama na nyie mnataka kujaribu

*Wembe kwanza.* Ule wa ndani ya boksi mara nyingi si wa mbao nene. Chukua mrefu, wa meno makubwa, na nunua wa akiba.

*Upande mzuri uwe chini.* Meno ya nyembe nyingi za jigso yanatazama juu na kukata yanapopanda, kwa hiyo vibanzi hutokea upande wa juu. Gundi ya karatasi juu ya mstari inasaidia.

*Usikate juu ya mstari.* Acha milimita mbili au tatu za ziada, umalizie kwa tupa ya mbao na msasa. Ncha ikihama kidogo huko chini, bado una pa kurekebishia.

*Pima kwenye kipande cha taka, kisha kigeuze.* Ukitazama juu tu utadanganyika.

*Jikinge.* Miwani na barakoa, kwani unga wa mninga unawasha pua na kifua. Ukibadilisha wembe, chomoa waya. Watoto wakae mbali.

*Na kabla ya yote,* kama pesa ni ya wawili, ulizaneni. Ni bei rahisi kuliko wembe.

Kile kipande kilichohama milimita saba hatukukitupa. Kwa kuwa kimekatika mshazari, kinafaa sana kuwa kabari ya mlango wa chumbani. Mgeni akiuliza ni nini, baba watoto hujibu kwamba ni kazi ya mikono yake.