Gari Kuukuu Linalozimika na Kula Mafuta

Gari lililotumika miaka mingi likianza kuzimika ovyo na kumaliza tanki kabla ya wakati, watu husema limezeeka. Wengine humtilia shaka dereva kwamba mafuta ameyauza. Yote mawili yaweza kuwa si kweli. Kuzimika na ulafi wa mafuta ni dalili ambazo aghalabu hutokana na ugonjwa mmoja: injini haipati hewa, petroli na cheche kwa kiasi kinachopasa.

Kwa askari jambo hili si dogo. Injini ikizimika mteremkoni, breki zenye msaada wa injini huwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache, na usukani wenye msaada huo huwa mzito papo hapo. Gari la doria lenye kasoro hiyo ni hatari kwa waliomo na kwa raia waliopo barabarani.

PIMA KWANZA

Kabla ya kufungua boneti, jaza tanki mpaka juu na uandike kilomita. Nenda Jinja na kurudi Kampala, mwendo wa kilomita 160 hivi, kisha ujaze tena kwenye pampu ile ile. Zikiingia lita 20, gari linakwenda kilomita 8 kwa lita. Rudia mara tatu na uandike katika daftari la gari. Hesabu hiyo humlinda dereva mwaminifu. Na humfichua asiye mwaminifu pia.

LINAZIMIKA WAKATI GANI?

Likizimika linapopanda mlima, injini yaelekea kukosa petroli. Tazama chujio na pampu ya mafuta. Fungua pia kifuniko cha tanki: ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu, tundu lake la kupumulia limeziba.

Likizimika likiwa na joto, kisha likawaka baada ya kupoa, ishuku koili. Likizimika baada ya mvua, kagua nyaya za plagi na kifuniko cha distributa, kama vina ufa au unyevu. Likizimika linaposimama tu, sikiliza mluzi wa hewa kwenye mipira iliyopasuka karibu na injini.

Kisha fungua plagi. Yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzima. Nyeusi yenye masizi kavu yaonyesha petroli imezidi. Nyeupe, petroli imepungua. Iliyolowa oili, ringi za pistoni au vali zimechakaa.

HEWA YA MILIMANI

Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue sawasawa. Kampala ipo yapata mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kabale karibu mita 2,000. Huku juu hewa ni nyepesi. Kwa hiyo gari la kabureta iliyorekebishwa Mombasa, pwani, hutumia petroli nyingi mno likifika kwetu, hadi fundi airekebishe upya. Vumbi la barabara za murramu likiziba chujio la hewa, au choki ikinasa, hasara huongezeka.

Magari ya baadaye, yasiyo na kabureta, huongozwa na kompyuta. Thamostati ikikwama wazi, injini haipati joto lake, na kompyuta huendelea kuiongezea petroli kana kwamba ni asubuhi ya baridi. Taa ya injini ikiwaka, mashine ya kusomea hitilafu itumike kabla ya kununua kipuri chochote.

Usisahau magurudumu. Tairi lisilo na upepo wa kutosha, au breki isiyoachia, hula mafuta ilhali injini ni nzima. Baada ya safari, sogeza mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Lenye joto kupita mengine lina breki iliyonasa.

Injini isiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa, kwani moshi wake huua. Wala sigara isikaribie petroli. Badilisha kitu kimoja, pima tena, ndipo ubadilishe kingine. Anayebadilisha vipuri vitano kwa pamoja hatajua ni kipi kilichokuwa kibovu, na fedha za vile vinne zitakuwa zimepotea bure. Usipoziba ufa utajenga ukuta.