Chombo Kinapopiga Kelele Bure: Koili, Plagi na Udongo wa Mlima Meru

Mtu atokaye katikati ya Jiji la Arusha na kupanda kuelekea Ng'iresi, au akashika njia ya Tengeru, hutembea juu ya mabaki ya moto. Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, ni volkano ambayo mara ya mwisho ilitoa majivu mwaka 1910. Udongo uliotokana na majivu na mawe yake ndio unaostawisha migomba na mibuni ya mitelemko hiyo. Lakini udongo huo huo, ulio rafiki wa mkulima, ni msumbufu mkubwa kwa mtu anayetumia chombo cha kutambua metali.

Tumchukulie fundi wa maji wa kijiji fulani mlimani. Bomba la chuma lililofukiwa miaka mingi limepasuka, na wale waliojua lilikopita hawapo tena. Kaya nyingi zinangoja maji. Fundi ana kitambuzi cha metali, na kwa kuwa bomba liko chini sana, amenunua koili kubwa ya kampuni nyingine. Plagi imeingia vizuri kwenye soketi na kifungo kimekaza. Anawasha, chombo kinalia mfululizo. Anachimba shimo la kwanza ndani ya shamba la mibuni la jirani, hakuna kitu. La pili, hakuna kitu. Je, kosa ni la udongo, la koili, au la plagi? Asipoweza kulijibu swali hilo atachimba mpaka jioni, na maji hayatapatikana.

Makala haya yanakusudia kuwaonyesha walimu na wanafunzi jinsi fizikia ya darasani inavyotosha kabisa kulijibu.

Jinsi chombo kinavyofanya kazi

Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme katika waya ulio karibu. Kitambuzi cha metali ni matumizi ya kanuni hiyo mara mbili. Koili ya kwanza, iitwayo koili ya kupelekea, hupitishiwa mkondo unaobadilika mara maelfu kwa sekunde. Uga wake huingia ardhini. Ukikutana na metali, huzalisha ndani yake mikondo midogo ya mviringo. Nayo mikondo hiyo huzalisha uga wake dhaifu, ambao hurudi juu na kupokewa na koili ya pili, yaani koili ya kupokelea.

Koili hizi mbili hupangwa kwa ustadi ndani ya sahani moja, kwa kawaida kwa kupishana kidogo, ili uga wa ile ya kwanza usisikike kabisa katika ile ya pili. Hali hiyo huitwa ulinganifu. Ulinganifu ukiwapo, chombo hukaa kimya mpaka metali itokee. Vipo pia vitambuzi vya aina nyingine, vya mapigo, ambavyo mara nyingi hutumia koili moja tu: koili hupewa pigo fupi la mkondo, mkondo hukatwa ghafula, kisha koili hiyo hiyo husikiliza mwangwi.

Ifahamike kwamba chombo hutambua kitu kinachopitisha umeme au kinachovutwa na sumaku, wala si kila kitu chenye thamani. Tanzanaiti ya Mererani, iliyogunduliwa mwaka 1967, ina alumini katika muundo wake wa kikemia, lakini alumini hiyo imefungamana na kalsiamu, silika na oksijeni, wala haipitishi umeme kama sufuria. Kwa hiyo yeyote anayemwuzia mchimbaji mdogo kitambuzi cha metali kwa madai kwamba kitamwonyesha tanzanaiti anamlaghai.

Mshtakiwa wa kwanza: udongo

Mwalimu aliye Arusha aweza kufanya jaribio hili bila gharama. Funga sumaku ndani ya karatasi, kisha ipitishe juu ya mchanga mkavu wa mto, kwa mfano wa Themi. Chembe nyeusi zitaning'inia kwenye karatasi. Nyingi kati ya hizo ni magnetaiti, oksidi ya chuma iliyomo katika mawe ya volkano. Chembe hizo zikijaa ardhini, uga wa koili ya kupelekea hupotoshwa, na chombo hulia pasipo msumari wala bomba.

Udanganyifu wa namna hii ni wa tangu zamani. Mwezi Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, alitengeneza chombo cha koili ili kuitafuta risasi mwilini mwake. Kilikuwa kimefanya kazi vizuri katika majaribio, lakini mbele ya mgonjwa kilitoa sauti zisizoeleweka. Bell aligundua baadaye kwamba kitanda kilikuwa na waya za chuma chini ya godoro. Zaidi ya hayo, madaktari walielekeza utafutaji upande usiokuwa na risasi. Rais alifariki mwezi Septemba mwaka huo. Chombo chenyewe hakikuwa kibovu. Mazingira yake hayakuchunguzwa.

Mshtakiwa wa pili: koili isiyolingana

Watu wengi hudhani kwamba plagi ikiingia, koili inafaa. Dhana hiyo ni sawa na kudhani kwamba kila ufunguo unaoingia katika tundu utafungua kufuli. Plagi za duara zenye pini tano hutumiwa na viwanda vingi, lakini kila kiwanda hupanga pini kwa namna yake. Katika koili moja pini mbili huenda kwenye waya wa kupelekea, mbili kwenye waya wa kupokelea, na moja kwenye kinga ya kuzuia kelele. Katika nyingine mpangilio huo hubadilishwa.

Hata pini zikiwa sawa, lipo jambo la marudio, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Koili ya kupelekea mara nyingi hufanya kazi pamoja na kapasita, na marudio yao hutokana na kanuni ambayo wanafunzi wa fizikia wanaifahamu:

f = 1 ÷ (2π√LC)

Tuseme induktansi L ni milihenri 1, na kapasita C ni mikrofaradi 0.1. Marudio yatakuwa karibu hezi 15,900. Fundi akiweka koili ya milihenri 0.5, marudio yatapanda hadi karibu hezi 22,500. Sakiti iliyoundwa kusikiliza hezi 15,900 haitamsikia tena mwenziwe vizuri.

Kosa la hatari zaidi ni lile lisiloonekana. Nyaya mbili za koili ya kupokelea zikibadilishana nafasi, mawimbi hugeuka kwa nusu mzunguko. Chombo kitaendelea kulia kama kawaida, lakini kitasema uongo: kinachotenganisha chuma na metali nyingine ni wakati wa kuwasili kwa wimbi, na sasa wakati huo umepinduliwa. Aidha, baadhi ya koili za siku hizi zina kikuza-sauti kidogo ndani yake kinachohitaji umeme wake wenyewe, na nyingine zina chembe ya elektroniki inayojitambulisha kwa chombo. Koili ya namna hiyo haiwezi kubadilishwa na nyingine kwa kutazama umbo la plagi.

Mshtakiwa wa tatu: plagi na waya

Plagi ya kitambuzi huishi maisha magumu. Huburutwa kwenye umande, hukanyagwa, hujaa vumbi la kiangazi na tope la masika. Unyevu ukiingia, shaba huota kutu ya kijani. Waya nao, kwa kuchezacheza kila hatua, hukatika ndani kwa ndani mahali ulipolehemiwa na pini, hali ngozi yake ya nje ikiwa nzima.

Hapa inafaa tujiulize: ukinzani mdogo katika plagi unadhuru kiasi gani? Tuchukue kitambuzi cha mapigo chenye betri ya volti 12, koili ya mikrohenri 300 yenye ukinzani wa om 2, na pigo la mikrosekunde 100. Kwa kanuni

I = (V/R)(1 − e^(−Rt/L))

mkondo hufikia karibu ampea 2.9. Kutu ikiongeza om 2 nyingine, mkondo hushuka hadi karibu ampea 2.2, yaani umepungua kwa robo. Mtu angetarajia kwamba kina nacho kitapungua kwa robo. La hasha! Kwa kitu kidogo kilicho mbali na koili, sauti hupungua kwa kipeo cha sita cha kina: kina kikiongezeka mara mbili, sauti hudhoofika mara 64. Kwa sababu hiyo hiyo, kupotea kwa robo ya mkondo hupunguza kina kwa sehemu kama 5 tu katika 100. Kilichosikika kwenye sentimita 30 sasa kitasikika karibu na sentimita 29.

Basi tatizo liko wapi? Liko katika kubadilikabadilika. Sauti inayotoka kwenye metali ni ndogo mno ikilinganishwa na nguvu inayopelekwa. Pini inayolegea na kushika, ikalegea tena na kushika tena, hutikisa mkondo mzima kwa kiasi kikubwa kuliko mwangwi wa bomba. Chombo hakina njia ya kujua kwamba mtikisiko huo umetoka kwenye plagi na si ardhini. Ukinzani uliotulia hupunguza uwezo kidogo; ukinzani unaoyumba huleta ushahidi wa uongo.

Utaratibu wa kuchunguza

Fundi wetu na afuate hatua hizi kwa mpangilio, akibadilisha jambo moja tu kila mara.

Kwanza, ainue koili mita moja juu ya ardhi na kuishika bila kuitikisa. Kelele ikikoma, na ikarudi koili inaposhushwa, mshtakiwa ni udongo. Dawa yake ni kurekebisha chombo kwa ardhi ile ikiwa kina kirekebishi, kupunguza wepesi wake wa kusikia, na kutumia koili ndogo ikiwa kitu kinachotafutwa hakiko chini sana.

Pili, kelele ikiendelea hewani, asogee mbali na nyaya za umeme, taa na simu za mkononi. Ikikoma, kosa ni la mazingira.

Tatu, koili ikiwa bado imetulia, mtu mwingine autikise waya polepole, kuanzia kwenye koili hadi kwenye plagi. Mahali ambapo kelele inaruka ndipo penye ugonjwa. Ahakikishe pia kwamba waya umezungushwa na kufungwa vema kwenye mpini, maana waya unaoning'inia mbele ya koili huweza kuleta sauti.

Nne, azime chombo kabla ya kuchomoa plagi. Jambo hili si la adabu tu. Mkondo wa koili ukikatwa ghafula huzalisha msukumo mkubwa wa umeme, na katika vitambuzi vya mapigo msukumo huo hufikia mamia ya volti. Kisha atazame pini: je, ipo iliyopinda, iliyozama, au yenye kutu ya kijani? Asafishe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa spiriti, aache ikauke. Asitumie msasa, kwani pini nyingi zimepakwa utando mwembamba wa metali isiyoshika kutu, na msasa huuondoa.

Tano, koili ikiwa imechomolewa, apime ukinzani wa kila jozi ya pini kwa multimita. Koili ya kupelekea huwa na om chache. Ile ya kupokelea, yenye waya mwembamba na mizunguko mingi, kwa kawaida huwa na zaidi. Namba isiyotulia waya unapotikiswa ni dalili ya lehemu iliyopasuka. Ukinzani usio na mwisho ndani ya jozi ni waya uliokatika, isipokuwa kwa koili zenye elektroniki ndani, ambazo haziamuliki kwa kipimo hiki peke yake.

Sita, yote yakiwa salama na kelele ingalipo, airudishe koili ya asili. Chombo kikinyamaza, koili mpya haikuundwa kwa ajili yake, na hakuna kusafisha kutakakoifanya ifae.

Kuaminika kwa chombo

Kwa fundi wa maji, kosa hugharimu mibuni ya jirani na siku ya kazi. Kwa wengine hugharimu uhai. Kitambuzi kilichobuniwa na afisa wa Kipolandi, Józef Kosacki, kilisafisha njia katika mabomu yaliyotegwa ardhini huko El Alamein, Misri, mwaka 1942. Jirani zetu wa Msumbiji walitangaza kuwa huru na mabomu ya namna hiyo mwaka 2015, baada ya kazi ya miaka mingi iliyotumia watu, mashine, vitambuzi, na panya waliofunzwa Morogoro, ambao hunusa baruti na hivyo hawasumbuliwi na vipande vya chuma. Katika kazi kama hiyo chombo hujaribiwa juu ya kipande cha metali kinachojulikana kabla mtu hajapiga hatua. Desturi hiyo yafaa kuigwa na kila mtumiaji, hata wa sarafu moja mfukoni.

Na tukumbushe: mabaki ya kale, kama yale ya Engaruka, yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na utafutaji wa madini huhitaji leseni. Mwanafunzi akikutana na kitu kinachofanana na silaha asikiguse. Atoe taarifa polisi.

Kazi ya darasani

Tengenezeni koili mbili za waya mwembamba wa shaba wenye vanishi, kila moja mizunguko 100, kipenyo cha sentimita 15. Ya kwanza iunganishwe na chanzo cha mawimbi cha hezi 1,000. Ya pili na kikuza-sauti. Zipishanisheni polepole mpaka sauti ipungue kabisa, kisha leteni ufunguo. Baada ya hapo legezeni kiungo kimoja cha waya na kukitikisa. Je, mwanafunzi aliyefumba macho aweza kutofautisha sauti ya ufunguo na sauti ya kiungo kilicholegea? Andikeni mliyoyaona, na mwelezeni fundi wetu afanye nini kabla ya kuchimba shimo la tatu.