Kiwewe kwa mwanafunzi: Rafiki wa darasani anaweza kusaidia hadi wapi?

Na Mwandishi Wetu, Moshi

MWANAFUNZI anayeshtuka usingizini na kupiga kelele za moto, ilhali hakuna moto, mara nyingi huambiwa ana mashetani. Anayekwepa kupita njia ilikotokea ajali huitwa mwoga. Yule anayekaa darasani macho yakiwa ubaoni na akili ikiwa kwingine huandikwa katika ripoti ya muhula kuwa ni mvivu. Huenda wote watatu wana tatizo moja, na huenda mtu wa kwanza kulitambua si mwalimu wala mzazi, bali mwenzao wa kitanda cha juu.

Mkoa wa Kilimanjaro unayafahamu matukio yanayoacha alama ya namna hiyo. Juni 1994, moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, na kuua wasichana wapatao 40. Wenzao walionusurika walibaki na kumbukumbu ya usiku ule. Juni 28, 2025, magari mawili ya abiria yaligongana eneo la Sabasaba, wilayani Same, yakawaka moto na watu takriban 40 wakapoteza maisha. Matukio makubwa kama haya huandikwa magazetini. Kipigo cha nyumbani, ubakaji au kifo cha mzazi mbele ya mtoto ni nadra kuandikwa, ingawa navyo vinaweza kuleta kiwewe kile kile.

Madaktari walianza kuutambua rasmi ugonjwa huu kwa jina lake la sasa mwaka 1980, ulipoingizwa katika orodha ya magonjwa ya akili nchini Marekani. Kwa Kiswahili tunaweza kuuita msongo wa baada ya kiwewe. Dalili zake zimegawanyika katika mafungu. Tukio hujirudia katika ndoto au katika picha zinazomjia mtu mchana kweupe kana kwamba linatokea upya. Mhusika hukwepa mahali, watu na mazungumzo yanayomkumbusha. Mwili nao hukaa chonjo muda wote, kiasi kwamba mlango ukigongwa kwa nguvu moyo huenda mbio. Wengine hupoteza hamu ya mambo waliyoyapenda au hujilaumu kwa kubaki hai.

Ni muhimu msomaji aelewe kwamba kuota ndoto mbaya wiki moja baada ya ajali si ugonjwa. Watu wengi waliopatwa na mkasa hupata nafuu bila matibabu maalumu. Shaka huanza dalili zinapozidi mwezi mmoja na kuvuruga masomo, usingizi au uhusiano na watu. Hata hapo, neno la mwisho ni la mtaalamu. Mwanafunzi anaweza kusema "nadhani nina kiwewe", na kauli hiyo inatosha kuomba msaada. Hahitaji kuthibitisha kwanza kwamba anaumwa.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeishi Mabogini, kata ya mashamba ya mpunga iliyoko kusini mwa mji wa Moshi. Hospitali ya Rufaa ya KCMC, yenye madaktari wa magonjwa ya akili, iko upande wa pili wa mji. Kwenye ramani ni karibu. Kwa mwanafunzi huyu ni mbali, kwa sababu anahitaji ruhusa ya shule, nauli ya daladala, mzazi wa kumsindikiza na, zaidi ya yote, maelezo ya kwa nini anakwenda huko. Kumwambia jirani wa dawati hakuhitaji nauli. Ndiyo maana wanafunzi wengi huanzia kwa wenzao, tupende tusipende.

Swali basi ni kama mtu asiye daktari anaweza kuwa na faida yoyote. Moshi yenyewe ina jibu, na jibu hilo halijulikani sana mitaani. Watafiti wa hapa nchini na wa Marekani waliwafundisha watu wa kawaida, wasio na taaluma ya afya ya akili, kuwaongoza kwa vikundi watoto 64 waliofiwa na wazazi mjini Moshi. Walezi wa watoto hao nao walikuwa na vikundi vyao. Walikutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 12. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa dalili za kiwewe na majonzi zilipungua, na mwaka mmoja baadaye nafuu ilikuwa bado ipo.

Utafiti mkubwa zaidi ulifuata, ukihusisha watoto 640 wa Moshi na wa Bungoma, Kenya. Ripoti yake ya mwaka 2020 haikuwa ya kushangilia tu. Tiba ilipomalizika, waliohudumiwa na washauri hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao katika maeneo matatu kati ya manne. Eneo lililobaki lilikuwa vijijini Tanzania. Baada ya mwaka mmoja faida hiyo ilikuwa wazi Kenya, lakini kwa upande wa Tanzania makundi mawili yalikuwa yamekaribiana. Mtu anayeitakia mema kata kama Mabogini hana budi kuyasoma yote mawili.

Karibu zaidi na suala la vijana kusaidiana ni mpango wa Sauti ya Vijana, uliobuniwa Moshi kwa ajili ya vijana wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Viongozi wa vikundi ni vijana wenyewe waliopewa mafunzo. Wanakutana kwa ratiba, wana mwongozo, na wana wataalamu wa kuwasimamia. Kwa maoni ya mwandishi, usimamizi huo ndio unaotenganisha msaada wa wenzao na soga za bwenini.

Rafiki asiye na mafunzo hayo afanye nini? Kwanza, asikilize. Asiulize "ikawaje?" kila mwenzake anaponyamaza. Shirika la Afya Duniani halishauri kumkalisha mtu aliyetoka kwenye mkasa na kumtaka asimulie yote kwa mkupuo mmoja, kwani kufanya hivyo hakuzuii ugonjwa. Asimulie akitaka, kwa kiasi anachotaka. Picha hizo zikimjia ghafla, mwambie ataje vitu anavyoviona mbele yake, akanyage sakafu, apumue taratibu, hadi akumbuke kuwa yuko darasani na tukio limepita.

Anayeomba msaada naye ana haki ya kuchagua. Amtafute mtu aliyewahi kutunza siri, amwambie mapema anachohitaji: "Naomba unisikilize tu, usinipe ushauri." Si lazima awe mtu aliyepatwa na mkasa ule ule, ingawa mara nyingine huyo ndiye anayeelewa haraka. Baada ya shambulio la Aprili 2, 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, lililoua watu 148, wengi wao wanafunzi, walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kuendelea na masomo. Huko walikuwa wageni miongoni mwa wanafunzi ambao hawakuona walichokiona wao. Hata hivyo, wawili wenye jeraha moja wanaweza kuamshiana maumivu, hivyo inafaa awepo mtu wa tatu.

Siri nayo ina mpaka. Mwenzako akisema anataka kujiua, au akieleza kwamba kuna mtu mzima anayemdhuru, usikae na jambo hilo hadi asubuhi. Mwambie wazi kwamba utamshirikisha mtu mzima, kisha nenda naye kwa mwalimu wa ushauri, matroni, ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Ikiwa mtu wa kumwogopa yuko shuleni hapo hapo, Simu ya Mtoto namba 116 hupigwa bila malipo.

Na yule aliyesikiliza? Naye anaweza kuanza kuota moto asiouona. Akianza kukosa usingizi kwa ajili ya mwenzake, anaruhusiwa kusema amechoka na kumkabidhi mtu mwingine, kabla mtihani wa muhula haujawakuta wote wawili hawalali.